Kila Mtu na Ufunguo Wake: Kuweka Mipaka ya Watumiaji kwenye Kompyuta za Zamani



Katika toleo hili tunazungumzia chombo ambacho wengi wetu hatukihesabu miongoni mwa mambo ya usalama. Ni kompyuta ya mezani iliyochakaa, ile inayokaa kwenye kona ya ofisi ya komine, katika chumba cha walimu, katika ushirika wa wakulima wa mpunga, au katika duka la kuchapa na kunakili hati kando ya barabara ya taifa namba 5, itokayo Bujumbura kupitia Cibitoke hadi mpaka wa Ruhwa. Cibitoke tunayoikusudia ni hii ya bonde la Rusizi, ingawa ndugu zetu wa mtaa wenye jina hilohilo mjini Bujumbura watayakuta humu mambo yao pia.

Chombo hicho ni kizee, lakini kimebeba mengi. Watu hukiletea vitambulisho vya kunakiliwa, vyeti vya kuzaliwa, mikataba ya kuuza viwanja, barua za kuomba kazi na hati za kuvukia mpaka. Mara nyingi hati ikishapita kwenye skana huacha nakala ndani ya mashine. Mwenye hati huondoka na karatasi yake akidhani ameondoka na vyote, kumbe picha ya kitambulisho chake imebaki pale, inamngoja yeyote atakayeketi baada yake.

Tuchukue mfano. Mama mfanyabiashara anafika dukani asubuhi, ananakiliwa kitambulisho, analipa na kwenda zake. Siku ya tatu kijana mmoja anaketi kwenye mashine ileile, anaiona picha ya kitambulisho, anaichukua kwa flashi, kisha anaitumia kuomba mkopo kwa jina la mama yule. Malalamiko yanapofika, mwenye duka anaulizwa: nani aliitumia mashine hii siku hiyo? Hana jibu, kwa kuwa wateja wote huingia kwa mlango mmoja, kwa jina moja, bila neno la siri. Basi wa kwanza kutiliwa shaka anakuwa yeye mwenyewe, ambaye hakutenda lolote.

Hapo ndipo kilipo kiini cha makala haya. Mipaka ya watumiaji humlinda kwanza asiye na hatia: mteja mwenye hati, karani aliyeandika, na mwenye mashine. Palipo na mlango mmoja kwa watu wote, kila mtu ni mshukiwa na hakuna anayewajibika.

Kwa nini jambo hili linatugusa sisi wa mpakani

Eneo letu hupokea watu. Mwezi Februari 2025 maelfu ya ndugu zetu kutoka Kivu Kusini waliuvuka mto Rusizi, wengine wakiogelea, wakapokelewa katika uwanja wa mpira wa Rugombo. Kila penye mapokezi ya namna hiyo huandikwa majina: mtu anatoka wapi, ana watoto wangapi, amefuatana na nani. Orodha ya majina ya watu waliokimbia vita haifanani na karatasi nyingine yoyote. Ikiangukia mkononi mwa mtu mwenye nia mbaya, yaweza kumfuata mkimbizi hadi mahali alipodhani amepata salama.

Kuna sababu ya pili. Mgawanyo mpya wa utawala umepunguza mikoa ya nchi kutoka 18 hadi 5, na komine kutoka 119 hadi 42, na Cibitoke sasa imo katika Mkoa wa Bujumbura. Ofisi zinapounganishwa, makabati huhama, na kompyuta huhama pamoja na makabati. Mashine iliyokuwa ikitumiwa na makarani wawili inajikuta katika chumba cha watu wanane, ikiwa bado na akaunti za wale waliokwisha ondoka na maneno ya siri ambayo kila mtu anayajua. Huu ndio wakati wa kutazama upya nani ana ufunguo wa nini.

Sera ya mtumiaji ni nini

Neno sera lisimtishe msomaji. Katika kompyuta, sera ni amri iliyoandikwa mara moja na msimamizi, ambayo mashine huifuata kila siku bila kukumbushwa: huyu aruhusiwe kuchapa barua, asiruhusiwe kuingiza programu mpya, huyu aone folda hii, asiione ile. Ni sawa na nyumba yenye vyumba vingi. Baba na mama wana funguo zote, mpangaji ana ufunguo wa chumba chake, na mgeni hukaribishwa sebuleni. Hakuna anayetukanwa kwa kupewa ufunguo mmoja.

Hatua ya kwanza: ijue mashine yako

Kabla ya kuweka kufuli lolote, tambua mashine inatumia mfumo gani. Nyingi ya kompyuta kuukuu zinazouzwa katika nchi zetu hutumia Windows XP au Windows 7, na maandishi yake huwa ya Kifaransa. Ndiyo maana tunayataja baadhi ya majina kama yanavyoonekana kwenye kioo. Windows XP ilitoka mwaka 2001, na kampuni ya Microsoft iliacha kuitengenezea marekebisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014. Windows 7 ilifikia kikomo hicho tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

Tazama pia ni toleo lipi. Toleo la Professional lina chombo cha kuwekea sera. Toleo la Home halina. Ili kujua, nenda kwenye sehemu ya kuandikia amri katika menyu ya kuanzia na uandike gpedit.msc. Dirisha likifunguka, chombo unacho. Lisipofunguka, bado unaweza kufanya mengi kwa akaunti na maneno ya siri, kama tutakavyoeleza.

Jambo la tatu ni namna diski kuu ilivyopangwa. Mashine nyingi za zamani zilipangwa kwa mtindo uitwao FAT32, ambao haujui kutofautisha faili la huyu na la yule. Kwenye diski ya namna hiyo, hata ukifungua akaunti kumi, mmoja ataweza kusoma folda za wengine wote. Mtindo unaotunza ruhusa za kila mtu ni NTFS. Kwenye Windows XP amri ya kubadilisha ni convert c: /fs:ntfs. Usiitoe kabla ya kunakili kazi zote mahali pengine, kwa maana hakuna kurudi nyuma ila kwa kufuta diski nzima, na umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo unaweza kupoteza kila kitu.

Hatua ya pili: akaunti za kila mtu

Mashine hizi zina aina mbili kuu za akaunti. Kuna akaunti ya msimamizi, yenye uwezo wa kubadili kila kitu, na kuna akaunti ya mtumiaji wa kawaida, ambayo Windows XP ya Kifaransa huiita «Limité» na Windows 7 huiita «Utilisateur standard». Kosa lililoenea ni watu wote kufanya kazi kwa akaunti ya msimamizi kwa sababu ndiyo iliyokuwamo mashine iliponunuliwa. Kirusi kikiingia kupitia mtumiaji huyo hupata nguvu zote alizonazo.

Tunashauri mpango huu. Fungua akaunti moja ya msimamizi, ikae kwa mtu mmoja, naye aitumie kwa matengenezo tu. Kila karani awe na akaunti yake ya kawaida, yenye jina lake na neno la siri analolijua peke yake. Wateja wa dukani wawe na akaunti ya kawaida yao, tofauti na ya makarani. Akaunti ya mgeni izimwe. Mtu akiacha kazi au akihamishwa, akaunti yake ifungwe siku hiyohiyo.

Kuna mlango wa nyuma ambao wengi huusahau. Windows XP ina akaunti ya msimamizi iliyojificha, iitwayo «Administrateur», isiyoonekana kwenye ukurasa wa kawaida wa kuingia. Katika toleo la Home, akaunti hiyo hutoka kiwandani bila neno la siri, na mtu akiiwasha mashine kwa njia ya dharura, yaani kubonyeza F8 wakati wa kuwaka, huikuta wazi. Mwenye duka anafunga mlango wa mbele kwa makufuli matatu, na wa nyuma hauna hata komeo. Iwekee akaunti hiyo neno la siri, uliandike kwenye karatasi, uitie katika bahasha iliyofungwa, na bahasha uiweke penye nyaraka nyeti.

Hatua ya tatu: folda na hati za watu

Ukishakuwa na NTFS na akaunti tofauti, gawa folda. Folda za makarani zisomwe na makarani. Folda ya wateja iwe moja, na isiwe na kitu usiku. Kwenye Windows XP Professional, ukurasa wa kugawa ruhusa hufichwa mpaka uondoe alama kwenye «Utiliser le partage de fichiers simple», ndani ya «Options des dossiers». Jambo hili lina uzito kwa mashine zilizounganishwa kwa kebo. Alama hiyo ikiwapo, kila anayeingia kutoka mashine nyingine huhesabiwa kuwa mgeni, na huwezi kujua alikuwa nani.

Kwa duka la kunakili hati tunapendekeza desturi moja isiyogharimu kitu. Mteja akishapata karatasi yake, aulizwe: nakala ya ndani tuifute au tuiweke kwenye flashi yako? Kisha ifutwe mbele ya macho yake, pamoja na kumwaga kapu la takataka la kompyuta, maana faili lililofutwa hukaa humo hadi limwagwe. Duka litakalozoea swali hilo litapata sifa kabla ya kupata faida.

Hatua ya nne: sera zenyewe

Ndani ya gpedit.msc kuna mafungu mawili. «Configuration ordinateur» huhusu mashine nzima, na «Configuration utilisateur» huhusu anayeitumia. Katika fungu la pili utaweza kumzuia mtumiaji asifungue ukurasa wa mipangilio, asiguse rejista ya mfumo, asitumie dirisha la amri, na asifikie diski fulani. Ujue kwamba kuna sera mbili zinazofanana kwa jina: moja huficha diski isionekane, nyingine huzuia isifunguliwe. Iliyofichwa tu bado hufunguka kwa anayejua kuandika herufi yake. Anayetaka kuzuia kweli aziweke zote mbili.

Hapa pana mtego uliowanasa mafundi wengi. Katika Windows XP, sera za mtumiaji zilizowekwa ndani ya mashine huwapata watu wote, hata msimamizi mwenyewe. Ukiagiza kwamba programu tatu tu ndizo zifanye kazi, ukasahau kukijumuisha chombo cha kuwekea sera, umejifungia nje ya nyumba yako. Kwa hiyo weka sera moja, ijaribu kwa akaunti ya kawaida na kwa akaunti ya msimamizi, iandike daftarini, ndipo uende kwenye nyingine. Windows 7 Professional imeondoa taabu hiyo kwa kukubali sera za wasio wasimamizi peke yao. Andika mmc, ongeza chombo cha sera za kikundi, kisha katika orodha ya watumiaji chagua kundi la wasio wasimamizi.

Kama una nafasi ya kuweka sera moja tu, tunapendekeza ile ya kuzuia programu zisizojulikana, iitwayo «Stratégies de restriction logicielle», iliyomo katika Windows XP Professional na Windows 7 Professional. Huamuru kwamba hakuna programu itakayofanya kazi isipokuwa zile zilizowekwa katika folda za mfumo na za programu. Kwa kuwa mtumiaji wa kawaida hawezi kuandika ndani ya folda hizo, programu yoyote aliyoileta kwa flashi haitaamka. Sera hii ina uzuri wa pili: inakubali kuwekwa kwa watu wote isipokuwa wasimamizi, hata kwenye XP. Fundi akumbuke jambo moja: katika orodha ya aina za faili zinazozuiwa, aondoe aina ya LNK. Asipoiondoa, alama zote za njia ya mkato zilizo juu ya kioo zitakataa kufunguka, na wafanyakazi watadhani mashine imekufa.

Zima pia uwezo wa flashi kujifungua yenyewe inapochomekwa. Kirusi kilichojulikana kwa jina la Conficker, kilichoanza kuenea mwishoni mwa mwaka 2008, kilisafiri kwa mtandao na pia kwa flashi zilizojifungua zenyewe. Kwetu flashi hutembea kuliko magari. Huvuka mto asubuhi na kurudi jioni.

Kulikuwa na programu ya bure ya Microsoft iliyotumiwa na maktaba na maduka ya intaneti, iitwayo SteadyState, ambayo iliirudisha kompyuta katika hali yake ya jana kila ilipowashwa upya. Microsoft iliacha kuitoa mwishoni mwa mwaka 2010. Msiitafute leo katika kurasa zisizojulikana, kwa kuwa anayewapa kufuli la bure huenda amebaki na ufunguo wake.

Hatua ya tano: maneno ya siri, kumbukumbu na saa

Katika «Stratégies de comptes» weka urefu wa neno la siri usiopungua herufi 8; zaidi ya hapo ni bora. Agiza pia akaunti ijifunge kwa dakika 15 mtu akikosea mara 5, kwani Windows XP isipoagizwa humwacha mtu ajaribu mpaka achoke. Kioo kijifunge chenyewe baada ya dakika chache mtumiaji akiinuka.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kompyuta ina daftari lake, lakini kurasa zinazotuhusu huwa hazijafunguliwa. Katika «Stratégie d'audit» agiza mashine iandike kila anayeingia na kila anayejaribu akashindwa. Kwenye Windows XP, aliyeingia salama huandikwa kwa namba 528, na aliyekosea jina au neno la siri kwa namba 529. Kuanzia Windows Vista na Windows 7, namba hizo ni 4624 na 4625. Ongeza ukubwa wa daftari la usalama, maana Windows XP hulitengea kilobaiti 512 tu, zinazojaa upesi.

Daftari lisilo na tarehe sahihi halimsaidii mtu. Ndani ya kila kompyuta ya mezani kuna betri ndogo ya duara, mara nyingi ya aina ya CR2032 yenye volti 3, inayotunza saa wakati umeme haupo. Betri hiyo ikifa, kila umeme wa REGIDESO unapokatika mashine husahau leo ni lini na kurudi miaka mingi nyuma. Karani anabonyeza tu ili aendelee na kazi. Siku ya tukio, kumbukumbu zinasema kwamba mtu aliingia kabla mashine haijanunuliwa. Hakuna mchunguzi atakayeweza kusimama mbele ya hakimu na karatasi kama hiyo. Betri hii ni ya bei ndogo na hubadilishwa kwa dakika chache.

Tazama pia majira. Burundi, Rwanda na Kivu Kusini hutumia saa moja, ya masaa 2 mbele ya saa ya dunia. Tanzania iko mbele yetu kwa saa 1. Mashine iliyotoka Dubai huenda bado inahesabu saa za kule, masaa 2 mbele yetu, na iliyotoka Ulaya hubadili saa yake mara mbili kwa mwaka. Iwekee majira ya Bujumbura au Harare, kama orodha yake inavyoyaita, na uilinganishe na saa ya simu kila Jumatatu.

Hatua ya sita: mtandao unaoziunganisha

Mashine zilizounganishwa kwa kebo ni kama nyumba zilizopanga ukuta mmoja. Ufa wa nyumba moja huingiza mvua katika zote. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kilienea katika nchi zaidi ya 150 kwa siku chache, kikafunga faili na kudai fidia. Nchini Uingereza hospitali zililazimika kuahirisha matibabu. Kilipita katika njia ya zamani ambayo kompyuta hutumia kushirikiana faili, yaani toleo la kwanza la SMB. Marekebisho yalikuwa yametolewa mwezi Machi mwaka huohuo, lakini mashine nyingi zilikuwa hazijayapokea.

Windows XP haijui njia nyingine ila hiyo. Kwa sababu hiyo baadhi ya mafundi huifungua tena njia hiyo kwenye kompyuta mpya ili ziweze kusemezana na ile kuukuu. Hilo ni kumbomolea kijana ukuta kwa ajili ya kumfurahisha mzee. Mashine ya Windows XP ibaki na kazi ya kuchapa na kutoa karatasi kwenye printa yake, isiunganishwe na intaneti, wala isitumiwe kwa barua pepe au mambo ya fedha. Orodha za watu, na hati za vitambulisho, zihifadhiwe kwenye mashine yenye mfumo unaoendelea kupata marekebisho. Palipo na uwezo wa fundi, mashine kuukuu yaweza pia kuwekewa mfumo wa Linux ulio mwepesi, ambao hautozi ada na ambao tangu mwanzo humpa kila mtumiaji akaunti yake. Na ruta mliyofungiwa, badilisheni neno la siri lililotoka nalo kiwandani.

Mipaka ya mipaka

Hatutaki msomaji alale akidhani amemaliza. Sera zote tulizozitaja hufanya kazi pale Windows inapokuwa imewaka. Mtu akiiwasha mashine kwa CD au flashi yake mwenye mfumo mwingine, anaweza kuzipita zote akasoma diski moja kwa moja. Dawa yake ni kuingia katika mipangilio ya msingi ya mashine, yaani BIOS, kuagiza iwake kwa diski kuu peke yake, na kuweka neno la siri hapo. Lakini katika kompyuta nyingi za mezani neno hilo hufutika kwa kutoa ile betri ndogo au kuhamisha kipini kimoja. Kwa hiyo kasha lenyewe lifungwe kwa kufuli la chuma, na chumba kiwe na mlango unaofungika. Usalama wa kompyuta huanzia kwenye kitasa cha mlango.

Kulinda si kuchungulia

Tunasema jambo hili kwa uwazi, kwa sababu gazeti hili ni la polisi, na baadhi yenu mtajiuliza kama tunawataka mtupelelezee jirani zenu. Hapana. Kumbukumbu tulizozieleza zinaonyesha nani aliingia na saa ngapi. Hazionyeshi aliandika nini kwa mchumba wake wala kwa ndugu yake aliye ng'ambo. Msiweke programu zinazonasa kila herufi ambayo mteja anabonyeza. Anayefanya hivyo anakusanya maneno ya siri ya watu, na anaweza kujikuta yeye ndiye mkosaji. Burundi ina Sheria Na. 1/10 ya tarehe 16 Machi 2022 inayohusu kuzuia na kuadhibu uhalifu wa mtandao, na sheria hiyo haimwachi nje mwenye mashine.

Bandikeni ukutani tangazo fupi, kwa Kirundi, Kiswahili na Kifaransa, lenye mistari mitatu: kwamba kila mtu huingia kwa akaunti aliyopewa, kwamba saa za kuingia huandikwa, na kwamba nakala za hati hufutwa mteja anapoondoka. Anayejulishwa mapema hana sababu ya kunung'unika baadaye.

Likitokea la kutokea

Mkigundua kwamba hati za watu zimechukuliwa, au mashine imetumiwa kwa uhalifu, msiifute diski na msimwite fundi aje asafishe. Kwa kusafisha, mtafuta nyayo za mkosaji na mtaondoa ushahidi wa kutokuwa na hatia kwenu. Chomoeni kebo ya mtandao. Andikeni saa inayoonyeshwa na mashine na saa inayoonyeshwa na simu yenu, zote mbili. Andikeni waliokuwapo. Mjulisheni mwenye hati bila kuchelewa, ili naye ajilinde, kisha toeni taarifa katika kituo cha polisi kilicho karibu. Afisa akilazimika kuichukua mashine kwa uchunguzi, huandika hati ya vitu alivyovichukua. Isomeni kabla ya kutia saini, na mhakikishe namba ya mashine imeandikwa sawasawa.

Kwa kumalizia

Wale wasio na fundi waanze na mambo manne ya wiki hii: akaunti ya kila mtu, neno la siri kwenye akaunti iliyojificha, betri mpya ya saa, na swali kwa mteja kuhusu nakala yake. Mengine yatafuata. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu bado ni mwembamba.

Yule mama wa mfano wetu hajui XP wala NTFS, wala hana haja ya kujua. Anachotaka ni kwamba jina lake likiingia katika mashine ya watu, litoke salama kama lilivyoingia. Nasi tunaozitunza mashine hizo tuna deni hilo kwake.